Ari na juhudi: mwanafunzi wa ufundi husukumwa na nini?

Mwanafunzi wa sekondari aliyechukua mkondo wa ufundi akiinamisha kichwa juu ya dawati, mara nyingi tunasema "hana ari." Tunachokiona kwa kweli ni uhaba wa juhudi. Juhudi ni muda, nguvu na umakini anaoutia mtu katika kazi, na hiyo inaonekana. Ari ndiyo inayomfanya aitoe juhudi hiyo. Hii haionekani, kwa hiyo tunaikisia, na tunakosea sana.

Mtaalamu wa saikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake walieleza ari ya kujifunza kwa njia ninayoiona inawafaa sana vijana hawa. Kabla ya kujituma, mwanafunzi hujiuliza mambo mawili, hata kama hayatamki: nitaweza? Na ikiwa nitaweza, ina faida gani kwangu? Jibu la swali moja likiwa "hapana" kabisa, juhudi hukauka, hata lile jingine lingekuwa "ndiyo" kubwa namna gani. Hapo ndipo neno "mvivu" linapoumiza bure. Wako vijana wanaoitaka kazi ya ufundi kwa moyo wote, ila miaka ya alama mbovu imewafundisha kwamba wao hawawezi kitu. Hao hawaponi kwa kuhubiriwa umuhimu wa elimu, maana umuhimu wanaujua.

Wanachohitaji ni kuona mikono yao ikifaulu. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alisema chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha imani hiyo ni mtu kuwahi kufaulu mwenyewe. Karakana inatoa nafasi hiyo kila siku. Droo imegoma kuingia. Kijana anaitoa, anapitisha randa ubavuni mara mbili, anajaribu tena, inakwama katikati. Anapunguza kidogo tu. Safari hii inateleza mpaka mwisho. Hakuna aliyempa alama, lakini ameona juhudi yake imezaa nini. Mwalimu akimpokonya randa ili kazi iishe haraka, droo itaingia, na somo litakuwa limepotea.

Zawadi nazo zina mipaka. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo ya vipande walipunguza hamu ya kuyachezea malipo yalipokoma. Baadaye yeye na mwenzake Richard Ryan walieleza kwamba ari ya ndani, yaani ile ya kufanya jambo kwa kulipenda lenyewe, hulishwa na mahitaji matatu: kuwa na sauti katika unachofanya, kujiona unamudu, na kujisikia miongoni mwa watu wanaokujali. Kumwachia mwanafunzi achague atengeneze kiti au rafu ni jambo dogo, lakini linagusa hitaji la kwanza moja kwa moja.

Swali la "ina faida gani" nalo hujibiwa vizuri zaidi kazini. Kijana aliyelichukia somo la pembetatu darasani anaunganisha fremu ya mlango na anataka kujua kama kona imekaa sawa. Anapima sentimita 60 upande mmoja kutoka kwenye kona, 80 upande wa pili, kisha anavuta tepu kutoka alama hadi alama. Ikisoma 100, kona ni ya mraba. Ikisoma 101, anaigonga fremu na kupima upya, na mara nyingi ni hapo anapouliza mwenyewe kwa nini namba hizo na si nyingine.