Wafanyabiashara kushiriki katika maendeleo ya mji: maana yake ni nini?

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikishinda dukani kwa ami yangu, Langoni, mjini Lamu. Juu ya kaunta palikuwa na madaftari mawili. Moja la madeni ya wateja, la pili la michango: taa ya kichochoro, maji ya msikiti, karo ya mtoto wa jirani, matanga. Ami alikuwa mtu wa kutoa, na jina lake halikukosekana katika kurasa za daftari lile. Lakini sikumbuki hata siku moja mtu kuja kumuuliza: mtaro huu upite wapi? Soko likihamishwa, wewe waonaje?

Dhana ninayotaka kuieleza imo katika tofauti hiyo. Tunaposema jumuiya ya wafanyabiashara inashiriki katika maendeleo ya mji, tunamaanisha kwamba wanaofanya biashara mjini wana sauti katika kuamua kitakachofanywa, wanatia mkono kifanyike, kisha wanafuatilia kama kimefanyika. Mwenye kulipa leseni ya biashara ametimiza wajibu wake kisheria. Mwenye kutoa sadaka ametenda wema, Mungu amlipe. Wote wawili bado hawajashiriki, ikiwa uamuzi ulipitishwa bila wao.

Neno "wafanyabiashara" nalo huwapotosha wengi. Likitajwa, watu huwafikiria wenye mahoteli ya Shela na wenye maduka ya jumla. Katika mji kama Lamu, ambako magari hayapiti vichochoroni na mzigo hubebwa na punda, mkokoteni au bega la mtu, mwenye punda ni mfanyabiashara mkubwa kuliko anavyoonekana. Ukijenga jeti, yaani gati la mashua, bila kumsikiliza yeye na hamali, bei ya mfuko wa saruji hadi kufika mtaa wa Mkomani itakueleza kosa lako. Mama wa mahamri yumo, fundi wa nakshi yumo, nahodha wa mashua yumo.

Mvuvi pia yumo. Katika ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, huko Kililana, wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Mimi huitaja kesi hiyo kila mtu anaponiambia kwamba mvuvi ni "mwananchi wa kawaida" tu. Bahari ndiyo duka lake, na duka lile liliguswa kabla hajaulizwa.

Mbona jambo hili lina uzito zaidi katika mji mdogo? Kwa sababu huku biashara zimefungamana kama kamba za usumba. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 huko Mpeketoni, upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, serikali iliweka kafyu ya usiku. Wageni wakapotea, wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Gesti ikikosa mgeni, muuza samaki anakosa mnunuzi, mwenye mashua anakosa safari, na duka la rejareja linaandika madeni. Hakuna aliyeweza kusema hasara ile ni ya mwenzake.

Na wazo lenyewe si geni kwetu. Wakfu ni nini, kama si tajiri kuifunga mali yake, duka au shamba la minazi, isiuzwe wala isirithiwe, ili mapato yake yahudumie msikiti, madrasa au kisima? Wakfu una nguvu moja ambayo mchango hauna: hautegemei mtu ameamkaje siku hiyo. Unachoshindwa ni kumpa nafasi mwenye kibanda asiye na mali ya kufunga.

Mbali na huku, Toronto nchini Kanada, wenye maduka wa mtaa wa Bloor West Village walikutana na tatizo ambalo kila mweka hazina wa kamati analijua. Baada ya reli ya chini ya ardhi kupita mtaani kwao na maduka makubwa ya kisasa kuwavuta wateja, walitaka kuupamba mtaa kwa kuchangishana. Baadhi walitoa, wengine wakakataa, na waliokataa walifaidi taa na maua sawasawa na waliotoa. Mwaka 1970 wakapata sheria iliyoruhusu kila mwenye biashara ndani ya mipaka ya mtaa atozwe kiasi fulani, na fedha hizo zisimamiwe na bodi ya wafanyabiashara wenyewe. Mfumo huo umeigwa katika nchi nyingi. Kwangu mimi, kilichowafaa ni kwamba aliyelipa ndiye aliyepanga matumizi.

Kenya tuna milango yetu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 137, inaitaka kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, na miongoni mwa wajumbe wasio maafisa wa serikali wamo wawakilishi wa wafanyabiashara. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 nayo imeiwekea sekta binafsi nafasi katika bodi ya manispaa. Muulize mwenye duka jirani yako ni nani anayemwakilisha katika vikao hivyo. Asipomjua, basi kiti kipo lakini yeye hayupo.

Kuna hatari pia, na sitaificha. Wafanyabiashara wakubwa wakiketi peke yao, maendeleo hugeuka kuwa faida yao. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila orofa ya zege inayoongezwa juu ya nyumba ya mawe humtajirisha mmoja na kuufukarisha mji uliowaleta wageni hapo mwanzo. Ndiyo maana fundi wa nakshi na mwenye gesti wanapaswa kukaa meza moja, wabishane.

Tatizo kubwa ninaloliona ni la saa. Kikao cha maoni ya bajeti huitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, ukumbini. Saa hiyo mwenye duka yuko kaunta, mvuvi anauza samaki wake, mwenye punda yuko jeti anapakia. Baada ya isha, wote hao wako barazani na kahawa mkononi, na uwanja wa Mkunguni uko wazi.