Ukikuta Mambo ya Kale Ndani ya Udongo Wenye Mafuta, Usioshe, Usiuze, Simamisha Kijiko

Mjini Tabora, viwanja vilivyokuwa magereji, matangi ya mafuta na stoo za mataruma vinabadilishwa matumizi. Kabla ya kujenga, mwenye mradi hutakiwa kuutoa au kuutibu udongo uliolowa dizeli, oili chafu na kreosoti, yaani mafuta meusi ya kuhifadhia mbao za mataruma. Hiyo ni kazi ya mazingira na inasimamiwa na wataalamu wa mazingira. Sisi wa mambo ya kale tunaingia pale kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kinapofika kwenye udongo ambao haujaguswa na gereji, kwa sababu udongo huo ni wa Kaze na Unyanyembe, majina ya zamani ya eneo hili, kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wamekwisha kujenga, na Wanyamwezi wamekuwa wakisafiri kwenda pwani tangu kabla ya hapo.

Malalamiko yanayotufikia ni ya aina mbili. Wakandarasi wanasema tunawachelewesha. Wananchi nao wanasema vitu vimetolewa saiti usiku na kuishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wote wanastahili jibu.

Nianze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kubadilishwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki zina ukomo wake, mwaka 1940. Anayekuta kitu kama hicho anawajibika kutoa taarifa bila kuchelewa. Hakuna anayeruhusiwa kuchimba kwa nia ya kutafuta mambo ya kale bila leseni, hata kama kiwanja ni chake na hati anayo mkononi. Hati inakupa haki ya kutumia ardhi, lakini kitu cha kale kilichofukuliwa ndani yake ni mali ya umma. Kukisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine linalojitegemea.

Hoja tunayoipata karibu kila saiti ni kwamba udongo umeshatangazwa kuwa taka hatarishi, kwa hiyo kila kilichomo ni taka. Hapana. Udongo kuchafuka hakufuti sheria ya mambo ya kale, na kigae cha chungu hakibadiliki kuwa taka kwa sababu kililowa oili. Vilevile, kitu kuwa cha kale hakukifanyi kiwe salama kushikwa. Sheria zote mbili zinafanya kazi kwenye shimo moja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Opareta au kibarua akiona kitu, kazi isimame pale, si saiti nzima. Tunashauri eneo la mita 10 kuzunguka lizungushiwe utepe, na kijiko kihamie upande mwingine wa mradi. Kitu kibaki kilipo. Msimamizi wa saiti apige picha, aweke rula au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, aandike kina kutoka usawa wa ardhi, tarehe, saa na jina la aliyekiona. Kisha atoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale, kwa makumbusho iliyo karibu au kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na nakala impelekee mtaalamu wa mazingira wa mradi. Taarifa ya simu inapokelewa, ila ifuatiwe na maandishi. Mradi uliofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira unapaswa kuwa na mpango wa usimamizi wenye kipengele cha vitu vinavyokutwa kwa bahati. Mara nyingi tukiuliza ukurasa ulipo, hakuna anayejua. Tafadhali usomeni kabla kijiko hakijawashwa.

Usioshe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mtu anakuta chungu kimelowa dizeli, anaona huruma, anakichukulia sabuni, au petroli, au ndimu na majivu kama ni chombo cha shaba. Anafuta masizi ya chakula yaliyoganda ndani, ambayo ndiyo yangetuambia kilipikiwa nini. Chuma kilichokaa ardhini kwenye unyevu kikianikwa juani hupasuka na kumeguka. Kiache kwenye udongo wake, kikiwa na unyevu uleule.

Mkaa unahitaji uangalifu zaidi. Umri wake tunaupima kwa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Dizeli na petroli zimetokana na viumbe vilivyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na kaboni 14 haimo tena ndani yake. Mkaa wa miaka 300 ukilowa dizeli, maabara itausoma kuwa wa kale kuliko ulivyo. Kuna namna za kuyatoa mafuta hayo kwa viyeyusho, lakini maabara lazima ijulishwe mapema kuwa yamo. Ndiyo maana tunataka majibu ya vipimo vya udongo kutoka kwa mtaalamu wa mazingira, na ndiyo maana mkaa unafungwa kwenye karatasi ya foili, si plastiki, na udongo unaoandamana nao unatiwa kwenye chupa ya kioo.

Vaa glavu. Kwenye gereji za zamani kuna madini ya risasi (lead) yaliyotoka kwenye betri, na hayaonekani kwa macho. Asile mtu wala kuvuta sigara kabla ya kunawa.

Nije kwenye rupia, fedha ya enzi za Mjerumani. Imani kwamba Mjerumani alifukia dhahabu Tabora ina chanzo cha kweli, na nadhani ni haki wananchi wakijue. Mwaka 1916, koloni la Mjerumani likiwa limezingirwa vitani na sarafu haziji tena kutoka Ujerumani, karakana ya reli hapa Tabora ilifyatua sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zina picha ya tembo, na zilitoka 16,198 tu. Karakana hiyohiyo ilifyatua pia sarafu za heller 20 (heller ni sehemu ndogo ya rupia) za shaba nyekundu na shaba ya njano, nyingi kupita kiasi ukilinganisha na zile za dhahabu. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Historia yenyewe ni hiyo. Anayechimba usiku kando ya karakana kuukuu na kupata kitu cha njano, akakisugua kikang'aa, kwa uwezekano mkubwa ameshika heller 20 na ameiharibu kwa kuisugua. Uvumi kwamba Mjerumani alifukia pia zebaki ni hatari zaidi. Zebaki ni sumu, na anayekuuzia ramani ya mahali ilipofukiwa anakutapeli.

Mtauliza, sarafu ya 1916 si ya baada ya 1863? Ni kweli, kwa tarehe peke yake haimo. Lakini Waziri anaweza kukitangaza kitu au eneo lolote kuwa linalindwa, na kilichomo ndani ya saiti kina mwenyewe. Aliye shimoni hawezi kuamua kwa kuangalia. Toa taarifa, uamuzi utafanywa na wenye dhamana.

Kwa kweli vitu vyenye thamani kubwa kwa historia ya Tabora having'ai. Ni shanga za kioo, simbi (kauri), vipande vya masango (nyaya za mapambo), vigae na majembe ya Kinyamwezi. Ni mavi ya chuma pia, yaani masalia ya kuyeyusha chuma. Haya yanapotea kwa wingi kwa sababu maabara ikipima udongo na kukuta metali, mkandarasi anayaona mabonge meusi mazito na kuyahesabu kuwa uchafu wa karakana. Mabonge hayo yanaweza kuwa mabaki ya tanuri la wahunzi, na pengine tanuri lenyewe liko hatua chache kutoka hapo. Yakikutwa pamoja na vipande vya udongo wa kuchomwa au ncha za mifuo (mivukuto ya wahunzi), simamisheni kazi.

Risasi za bunduki na makombora ya vita vya 1916 yasiguswe kabisa. Ondokeni, iteni polisi. Mifupa ya binadamu vilevile huanza na polisi, ili ijulikane kama ni jinai. Ikiwa ni kaburi, kulihamisha kunafuata Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na ndugu au wazee wa eneo lazima wahusishwe. Wapagazi wengi walifia njiani na kuzikwa bila alama.

Kuhusu adhabu, anayeficha, anayeuza au anayechimba bila leseni anaweza kutozwa faini au kufungwa, na alichokuwa nacho kitachukuliwa. Mnunuzi wa chuma chakavu asidhani yuko nje ya hili. Kwa upande wa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe gharama, na inaruhusu amri ya kurejesha mazingira. Ugunduzi wa mambo ya kale hauisimamishi amri hiyo, kwa hiyo mwenye kiwanja asitumie kigae kama kisingizio cha kuacha oili ikielekea kwenye kisima cha jirani.

Kama lori limeshaondoka na udongo, bado semeni. Udongo uliotandazwa juu ya turubai ili utibiwe kwa kugeuzwa na kutiwa mbolea unaweza kuchekechwa. Hatutajua tena kitu kilikaa kina gani, lakini shanga na vigae vitapatikana, mradi daftari la malori lioneshe kila tripu ilitoka kona ipi ya shimo.