Jiko la presha na la joto kavu kwa pamoja: kazi yote iko kwenye mfuniko

Tangu watu wajue kwamba karakanani kwetu hapa Kigoma tunasanifu jiko la umeme la mezani linalopika kwa njia zaidi ya moja, swali la kwanza huwa lilelile: lina kazi ngapi? Maboksi ya madukani ndiyo yaliyowazoesha hesabu hiyo. Yameandikwa kazi saba, kazi tisa, kazi kumi na moja, na ukisoma vizuri unakuta uji, supu na maharage vimehesabiwa kuwa kazi tatu, wakati koili ni ileile na presha ni ileile, kilichobadilika ni dakika tu. Mimi nahesabu mbili. Kuna kupika kwa maji na mvuke, na kuna kupika kwa joto kavu. Nyingine zote zimezaliwa na hizo mbili, na hizo mbili hazipatani.

Mama zetu walishazipatanisha kwa kupalia. Wali ukikaribia kukauka, makaa ya chini yanapunguzwa, mengine yanawekwa juu ya mfuniko, na joto kavu linashuka kutoka juu huku mvuke wa mwisho ukimalizia kazi ndani. Kwa umeme safari ilikuwa ndefu zaidi. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu chake cha mvuke kule London mwaka 1679, na vali ya usalama nayo ni yake. Mwaka 2010 Philips walitoa Airfryer, jiko la hewa ya moto, na mwaka huohuo Kanada ikatoka Instant Pot, jiko la presha la umeme. Mwaka 2018 ndipo Ninja Foodi ikaweka presha na hewa ya moto kwenye chungu kimoja, tena kwa mifuniko miwili. Hiyo mifuniko miwili si bahati mbaya.

Tuanze na presha. Maji hapa Kigoma mjini, kwenye mita mia saba na kitu juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tabora, kwenye mita 1,200 hivi, yanachemka kwenye 96. Ukikifunga chungu na kuuacha mvuke usukume kwa kilopaskali 70 zaidi ya hewa ya nje, maji ya kwetu hayachemki mpaka yafike nyuzi 114, na maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanaiva kabla watoto hawajamaliza kuoga. Lakini tazama gharama yake. Chungu chenye kipenyo cha sentimita 22 kikiwa kwenye presha hiyo, mfuniko unasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 270, yaani magunia karibu matatu ya mahindi. Ndiyo maana mfuniko wa presha una meno ya kujifungia pembeni, una mpira wa kuziba, na una pini ndogo inayopandishwa na mvuke ili mtu asiweze kuufungua mapema.

Joto kavu linataka kinyume cha hayo yote. Koili iko juu, feni iko juu ya koili, hewa ya nyuzi 180 hadi 200 inazungushwa kwa kasi, na lazima kuwe na tundu la kutolea unyevu. Ukiziba tundu, kuku anachemka. Rangi ile ya kahawia tunayoipenda inaanza kuja vizuri kuanzia nyuzi 140, na kitu kilicholowa hakivuki 100 mpaka maji ya juu yake yaishe.

Hapa ndipo majiko mengi ya mchanganyiko yanapoangukia. Umepika kuku kwa presha, umetoa mvuke, chini kumebaki robo lita ya mchuzi, sasa unashusha mfuniko wa hewa ya moto. Kuvukiza kilo moja ya maji ambayo tayari yanachemka kunakula kilojuli 2,257. Robo lita ni kilojuli 564. Koili ya wati 1,500, hata kama joto lake lote lingeenda kwenye maji hayo, inahitaji dakika sita kabla ngozi haijaanza kukauka sawasawa, na kwa kweli joto lote haliendi huko. Dawa si koili kubwa zaidi. Dawa ni kichanja cha waya chenye miguu mirefu kinachomwinua kuku, na maelekezo yanayosema wazi: mimina mchuzi kwenye bakuli kwanza, hautapotea.

Kuna wanaotengeneza sasa mfuniko mmoja unaofanya yote mawili. Nimefungua mmoja na kuukagua, na kama kazi ya uhandisi naupa heshima yake. Sisi hatuutaki. Mfuniko mmoja unamaanisha mvuke unapita jirani na mhimili wa feni, kwa hiyo unahitaji mlango mdogo wa kuutenga, na mlango huo unahitaji mpira wake, na mpira huo unapigwa na hewa ya nyuzi 200 kila siku. Mpira wa silikoni nzuri unavumilia joto hilo. Silikoni ya bei rahisi inakuwa ngumu, inapasuka, halafu mwenye jiko anaambiwa abadilishe mfuniko mzima. Kwa hiyo letu lina mifuniko miwili: wa joto kavu umefungwa kwa bawaba nyuma kwa sababu una nyaya za umeme, na wa presha unatoka wote, unaoshwa kwenye beseni kama mfuniko wa sufuria yoyote.

Umeme ni sura nyingine. Plagi zetu zina fyuzi ya ampia 13, kwa hiyo kwenye karatasi volti 230 zinakupa karibu wati 3,000. Mtaani jiko halichomekwi ukutani, linachomekwa kwenye ekstensheni yenye waya mwembamba ambayo tayari ina friji na televisheni. Koili ya chini tumeipa wati 1,000 na ya juu 1,500, na mfumo hauruhusu ziwake pamoja. Mahesabu yanakubali: zote mbili zingevuta karibu ampia 11, moja ya juu peke yake inavuta sita na nusu.

Kisha kuna jioni. Saa moja usiku, kila nyumba ikiwa imewasha kitu, umeme unakuwa mdogo, na mita yangu imewahi kusoma volti 180. Watu wanadhani volti zikipungua kwa moja ya tano, joto nalo litapungua kwa moja ya tano. Halipungui hivyo. Nguvu ya koili inafuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kwa volti 180 koili ya wati 1,500 inatoa kama 920 tu. Zile dakika sita za kukausha mchuzi zimekuwa kumi. Jiko linalohesabu dakika peke yake litazima chakula kikiwa kibichi, na lawama zitamwendea mpishi. Letu linapima volti na joto, dakika zinajirefusha. Feni nayo tumeipa mota isiyo na brashi yenye usambazaji wake wa volti ndogo. Zile mota rahisi zinazokula umeme wa ukutani moja kwa moja zinalegea umeme ukishuka, na feni ikilegea hewa haizunguki: juu panaungua, katikati pabichi.

Umeme ukikatika kabisa, jiko linakumbuka lilipofikia. Ukirudi baada ya muda mfupi kwenye presha, linaendelea. Ukirudi baada ya muda mrefu, linapiga kengele na kumsubiri mtu, kwa sababu nyama iliyokaa kwenye uvuguvugu saa kadhaa si ya kuendelezwa kimyakimya. Joto kavu haliendelei lenyewe kamwe. Hakuna anayejua nani ameweka nini juu ya jiko wakati wa giza.

Sasa mawese, maana hapa ni Kigoma. Maharage yanatoa povu, povu linapanda na kuziba tundu la vali, ndiyo maana chungu cha presha hakijazwi maharage na maji kupita nusu. Kijiko cha mawese kinalituliza povu vizuri sana, na ladha ndiyo hiyo tunayoitaka. Lakini mpira mweupe wa silikoni ukikutana na mawese wiki chache tu unakuwa rangi ya chungwa moja kwa moja, na unashika harufu. Ukipika migebuka leo, wali wa kesho unanukia migebuka. Silikoni ndivyo ilivyo, inanyonya. Tumechagua mpira wa rangi ya matofali ili madoa yasiwatie watu wasiwasi, na ndani ya boksi ipo mipira miwili, mmoja wa samaki. Kuuanika juani kunasaidia kidogo. Kuupika kwenye hewa ya moto, kama nilivyoshauriwa na wengi, kunauzeesha.

Dagaa walituonyesha jambo jingine. Dagaa wakavu wa Kibirizi ni wepesi mno, na feni inayofaa kwa kuku inawarusha. Wanapanda, wananasa kwenye koili, wanaungua, na moshi wake mtaa mzima unaujua. Wavu wa kulinda koili ulikuwepo kwa ajili ya vidole, matundu yake makubwa. Tumeyabana, na tumeongeza mwendo wa polepole wa feni kwa vitu vyepesi: dagaa, karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) ya wenzetu wa Tabora mtu akitaka kuyarudishia ukavu.

Kuna vitufe nimevikataa. Ugali hautakuwepo. Ugali unataka mkono na mwiko, na uzito wake unakidanganya kihisi joto kilicho chini ya chungu: chini pameshaungua, juu bado unga. Anayetaka ugali afungue mfuniko, awashe koili ya chini, asonge, mradi tu chungu kishikwe vizuri. Kwa hiyo tumekitengenezea vishikio viwili vya chuma. Kupika polepole kwa saa nane nako nimekuwekea mpaka. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo inavunjwa na maji yanayochemka kwelikweli, na joto la chini la kupika polepole halitoshi kuivunja. Kwa hiyo hali hiyo inaanza kwa kuchemsha, upende usipende.

Chungu chenyewe ni stenlesi yenye tabaka la alumini kitakoni, si kile cheusi kisichoshika chakula. Najua cheusi kinapendeza dukani. Lakini sufuria zetu zinasuguliwa kwa stilwaya, mchanga na majivu, na rangi ile haimalizi mwaka.

Na hilo neno mezani nalo lilitusumbua. Jikoni kwingi hakuna kaunta wala meza, jiko linakaa juu ya stuli au sakafuni. Sakafuni mfuniko wa bawaba unafunguka kwenye urefu wa uso wa mtoto, kwa hiyo tundu la mvuke tumelielekeza nyuma na kitako tumekipanua ili lisipinduke mtu akikwaa waya.

La mwisho ni fundi. Kila jiko la namna hii lina fyuzi ya joto chini ya sahani ya kupashia chungu, inayokatika jiko likizidi kupata moto. Ikikatika, fundi wa mtaani anajua pa kuipata, na asipopata mpya ataipiga dairekti kwa kipande cha waya. Simlaumu, mteja amesimama pale anataka jiko lake. Kwa hiyo hatukuutundika usalama wote kwenye fyuzi hiyo. Sahani ya chini imekaa juu ya springi ngumu: presha ikizidi, chungu kinashuka milimita chache na kubonyeza swichi inayokata umeme, na vali ya uzito juu ya mfuniko inafanya kazi hata jiko likiwa limechomolewa ukutani. Skrubu zote ni za nyota za kawaida. Fyuzi ya joto ya akiba imefungwa ndani ya kitako kwa klipu, karibu kabisa na ile inayotumika, ili anayefungua aione kabla hajatafuta waya.