Kwa nini mitume walimwita Yusufu "Barnaba"?

Je, wajua kwamba Barnaba halikuwa jina alilopewa na wazazi wake? Matendo ya Mitume 4:36 inasema aliitwa Yusufu, Mlawi wa kisiwa cha Kipro. Mitume ndio waliombandika jina la Barnaba, maana yake "Mwana wa faraja". Na jina la kubandikwa hufuata tabia.

Sisi tukisikia faraja tunafikiria matanga: pole, mkono begani, chai ya rangi. Neno la Kigiriki lililotumika pale, paraklesis, linabeba zaidi ya hayo. Ndani yake kuna kumwita mtu asogee karibu, kumtia moyo, hata kumhimiza ainuke.

Tazama alivyomfanyia Sauli. Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, waumini walimwogopa, na walikuwa na haki, maana juzi tu alikuwa akiwaburuta watu gerezani. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume na kumsemea (9:27). Alimdhamini, kwa lugha ya siku hizi. Baadaye Sauli akapelekwa kwao Tarso, habari zake zikakatika. Kanisa la Antiokia lilipokua, Barnaba alifunga safari mwenyewe hadi Tarso kumtafuta (11:25). Mstari huo hunisimamisha kila nikiusoma. Hakumpelekea pole, alimpelekea kazi. Wakafundisha pamoja mwaka mzima, na ni Antiokia hiyo ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Mimi niliuelewa mstari huo nikiwa mtaani Umoja, hapa Nairobi, ghorofa ya nne. Nilikuwa nimepoteza kazi, kodi ya miezi miwili imelala, na kanisani sikuwa nimekanyaga kwa wiki kadhaa. Kwenye ibada ya watu mia nane, nani ataona pengo la mtu mmoja? Jumamosi moja mama wa jumuiya yetu, kikundi cha majirani cha kusali nyumbani, naye muuza mboga, alipanda ngazi zote hizo na sukuma wiki na pakiti mbili za maziwa. Akaketi juu ya mtungi wa maji, akavuta pumzi. Hakuniuliza mbona sionekani. Alisema: "Kesho jumuiya iko kwangu, na viti ni vya kuazima. Uje mapema unisaidie kubeba, mwanangu." Nikaenda. Vilikuwa viti kumi na viwili vya plastiki, na kufikia cha mwisho nilikuwa nimeshaulizwa nitasoma somo gani.

Jumuiya ndogo ndogo hizi hazikuzuka tu. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana hapa Nairobi, mkutano mzima ukiwa juu ya namna ya kuzijenga. Katika jiji ambalo wengi wetu tumetoka mbali na kwetu, familia chache za jirani zinazokutana sebuleni zinakujua kwa jina, na usipofika utatafutwa. Makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani kwa sababu hiyo hiyo.

Barnaba hakuishia kwa Sauli. Kijana Yohana Marko aliwaacha njiani yeye na Sauli katika safari yao ya kwanza ya kuhubiri, na Paulo (ndiye Sauli yule yule) akakataa katakata kumchukua tena. Wakagombana hadi wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro (15:39). Miaka ikapita. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni, wenzake karibu wote wameondoka, naye anaomba aletewe Marko yule yule, "maana anifaa kwa utumishi".