"Lakini mbona pale pakavu?" Dhana potofu kuhusu kujenga karibu na ardhi oevu

Mimi kazi yangu ni kupitia maombi ya vibali vya ujenzi upande wa mazingira, hasa viwanja vinavyopakana na ardhi oevu zinazolindwa (yaani sehemu zinazojaa maji muda wote au kwa msimu, kama vinamasi), na wiki hii nimeambiwa tena: "Pale hamna maji, nimeenda mwenyewe viatu havikuloa hata kidogo." Jamani. Hii ndo inanichosha kuliko zote, acha nianze nayo.

"Pakavu, kwa hiyo si ardhi oevu." Si kweli kabisa. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu uliosainiwa kule Iran mwaka 1971, unataja ardhi oevu za kudumu na za muda, kwa hiyo kukauka miezi kadhaa hakuifuti. Sisi tukija kukagua hatuangalii viatu vya mtu, tunaangalia udongo kwanza. Udongo ukijaa maji muda mrefu hewa inaisha mule ndani, vijidudu vikikosa oksijeni vinaanza kutumia madini ya chuma, chuma inayeyuka na kuhama, unabaki udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu pale ambapo hewa ilipenya kidogo, mfano kando ya mizizi. Iyo rangi haiondoki eti kwa sababu kiangazi kimeingia! Chimba nusu mita tu utaiona, na wakati mwingine inatoka na harufu ya yai viza kabisa. Halafu angalia mimea, matete na mafunjo yakijaa sehemu ujue maji yanafika hapo mara kwa mara, angalia na alama za maji kwenye magome ya miti. Udongo, mimea, maji: ivo vitatu ndo vinachora mpaka, sio siku uliyoenda wewe na dalali.

Na hapa ndipo watu wengi wanaumia, manake wanapima umbali kuanzia pale wanapoyaona maji kwa macho. Sheria za sehemu nyingi zinahesabu eneo la kinga (ule ukanda wa pembeni usioruhusiwa kujenga) kuanzia mpaka wa ardhi oevu yenyewe, na kiangazi huo mpaka unaweza kuwa mbali sana na maji, sasa mtu anajiona yuko salama kumbe sebule yote iko ndani ya eneo lililokatazwa na ramani ameshalipia.

Ushauri wangu huwa ni huohuo na nitaendelea kuurudia: kabla hujatoa hela nenda katikati ya msimu wa mvua, chimba shimo, liache hadi kesho yake, kisha uone maji yamesimama kina gani. Hilo shimo litakwambia mambo ambayo muuzaji hatakwambia.

"Ntamwaga kifusi, yaishe." Hayaishi. Yale maji yaliyokuwa yanatulia pale lazima yaende mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni kwa jirani. Isitoshe ule udongo mweusi wenye mabaki ya mimea unabonyea ukibebeshwa uzito, tena haubonyei sawasawa, kona moja inashuka zaidi ya nyingine na kuta zinapasuka. Na kujaza bila kibali sehemu nyingi ni kosa hata kama hujaweka tofali moja.

"Choo hakiwahusu, ni cha kwangu." Kinatuhusu sana tu. Tangi la maji taka halimalizi kazi, linatenganisha uchafu mzito na maji, usafishaji mwingine unafanywa na udongo mkavu ulio chini ya shimo la kunyonya maji. Kama maji ya ardhini yako juu, huo udongo mkavu haupo, kwa hiyo vimelea vinaingia moja kwa moja kwenye maji, pamoja na kisima chako. Maombi mengi ninayorudisha yanarudi kwa sababu ya choo, nyumba yenyewe wala haina shida.

"Nina hati." Hati inasema kiwanja ni chako. Kibali kinasema unaweza kujenga nini na wapi ndani yake. Ni vitu viwili tofauti.

"Jirani kajenga palepale." Labda alijenga kabla ya sheria, labda mpaka kwake umepita pembeni, labda hana kibali. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokusaidia wewe.

"Wale kazi yao ni kukataa tu." Hii inaniuma, kusema kweli. Mara nyingi tunachoomba ni kusogeza nyumba upande wa juu, kupunguza eneo la sakafu, kuacha majani ya asili ukingoni na kuweka kizuizi cha tope wakati wa kuchimba msingi, manake tope la mvua moja kubwa linaweza kufukia mazalia ya samaki na vyura. Lakini tuletee ombi mapema, mpaka wa ardhi oevu ukiwa umeshapimwa na mtaalamu na kuwekwa kwenye ramani ya kiwanja, kabla msanifu hajaanza kuchora vyumba. Nyumba ikiwa bado haijachorwa kuisogeza hakuna gharama, msingi ukishamwagwa zege sina namna ya kukusaidia.