Joto la kuchachusha ni la ndoo, si la chumba

Joto la kuchachusha ni joto la kile kilichomo ndani ya ndoo wakati hamira inakula sukari. Basi. Si joto la chumba, si lile lililotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa, wala si ubaridi utakaoipa bia siku ya kuinywa. Ningeishia hapo, lakini kuanzia Nyegezi hadi Ilemela kila anayejipikia bia nyumbani ukimuuliza aliichachusha kwa joto gani, anakupa habari za sebule yake. "Chumba changu kina nyuzi 24. Hapa Mwanza bwana, siyo Dar."

Kuhusu Dar hajakosea. Jiji letu liko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hucheza kwenye nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 18 au chini kidogo. Mtu wa Tanga angetuonea wivu. Shida ni kwamba hamira haikai ndani ya ndoo kama mgeni anayesubiri kuhudumiwa. Inafanya kazi, na kazi hiyo inatoa joto lake yenyewe.

Tuhesabu kidogo. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya kimea (yale maji matamu ambayo hamira huyageuza kuwa bia) ya nguvu ya kawaida huwa na takriban kilo moja na nusu ya sukari ambayo hamira itaimaliza. Kila kilo ya sukari ikichacha hutoa karibu kilojuli 580 za joto. Jumla inakaribia kilojuli 900. Lau joto hilo lote lingefungiwa ndani lisitoke, bia ingepanda kwa nyuzi 10 hivi. Kwa bahati nzuri sehemu kubwa hupotelea hewani kupitia kuta za ndoo, kwa hiyo kinachoonekana ni ongezeko la nyuzi 3 hadi 5 pale povu linapopamba moto. Chumba kikiwa na 24, bia ina 28. Kwenye pipa la lita 100 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kila lita moja ina ukuta mdogo zaidi wa kutolea joto lake. Ndiyo maana matangi ya viwanda vya bia huvishwa koti linalopitisha kimiminika baridi mzunguko mzima, hata katika nchi zenye theluji.

Sasa nyuzi 28 zina ubaya gani? Hamira nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bia ya aina ya eli zinafanya kazi yake nzuri kati ya 18 na 22. Zikipelekwa juu ya hapo haziji kugoma, tena zinachapa kazi haraka zaidi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika na kujisifu kwamba bia yao imechacha kwa siku moja. Haraka hiyo inaacha vitu nyuma. Kuna esta, yaani kemikali za harufu ya matunda, hasa isoamili asetati, inayonukia ndizi mbivu. Mhaya aliyezoea lubisi anaweza kuipenda, ila lubisi inanukia ndizi kwa sababu imetengenezwa kwa ndizi. Na kuna zile alkoholi nzito zinazochoma koo na kuifanya bia ya asilimia 5 ionje kama imechanganywa na gongo. Zikishaingia hazitoki. Hata ukiihifadhi mwezi mzima, ule mchomo utaukuta.

Lager, bia inayochachushwa kwenye baridi, ni habari nyingine kabisa. Balimi, Safari na Kilimanjaro zote ni lager, na hamira ya lager kwa kawaida hutaka nyuzi 8 hadi 14. Anayesema anaiga Balimi kwenye ndoo chini ya kitanda anajitafutia lawama. Huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1553 ilipigwa marufuku kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, maana bia za kiangazi zilikuwa zinaharibika. Hao ni watu wenye baridi yao, na bado waliona ni bora kufunga kazi kuliko kushindana na jua. Waliweza kupika mwaka mzima kwa uhakika baada ya mhandisi Mjerumani Carl von Linde kuwatengenezea mitambo ya kupozea katika miaka ya 1870. Asiye na friji asijilaumu kwa kushindwa lager. Apike kitu kingine.

Hapa sitaki nieleweke kwamba joto ni dhambi. Mama anayepika pombe ya mtama anataka ichache usiku mmoja, inywewe kesho yake ikiwa bado inatoa povu, na ule uchachu unaoletwa na bakteria ndio wateja wanaoufuata. Akiipoza hadi 18 atakuwa amewaharibia. Kuna pia hamira za kienyeji za magharibi mwa Norway, ziitwazo kveik, ambazo zinafurahia nyuzi 35 hata 40 bila kuleta ule mchomo. Ukiipata pakiti ya hiyo, nusu ya maelezo haya hayakuhusu. Lakini hata hapo 35 inayosemwa ni ya ndani ya ndoo.

Kudhibiti joto, basi, ni kuizuia bia isipande katika saa 72 za mwanzo. Nasisitiza mwanzo, kwa sababu ladha mbaya nyingi hupikwa katika siku hizo tatu, wakati hamira inazaliana na kula kwa pupa. Baadaye mambo yanageuka: povu likianza kushuka, bia ikiachiwa ipande nyuzi mbili tatu si vibaya, tena inaisaidia hamira kumaliza sukari iliyobaki na kusafisha ile harufu ya siagi ambayo yenyewe iliiacha njiani.

Vita huanza kabla hata hamira haijamwagwa. Maji ya bomba ya Mwanza yanavutwa ziwani, na uso wa ziwa hapa karibu na ikweta kwa kawaida una nyuzi 24 hadi 27. Huwezi kupoza sufuria ya maji ya kimea yaliyotoka kuchemshwa kwa maji ya 25 ukategemea ishuke chini ya 25. Watu wanaishia 28, wanaona uvivu, wanamwaga hamira. Hapo umeanzia mahali ambapo hukupaswa hata kufikia. Ni afadhali ufunge ndoo safi vizuri, uiache usiku kucha kwenye beseni la maji yenye barafu, umwage hamira asubuhi ikiwa 18. Joto lake likija, litaikuta na nafasi ya kupanda.

Beseni hilo usiliondoe. Ndoo ikikaa ndani ya maji yanayofika nusu yake, ikavishwa taulo au kitenge kikuukuu ambacho ncha zake zinagusa maji, inapoa kwa namna ileile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa: unyevu unapokauka unaondoka na joto. Ukielekeza feni, unapata nyuzi 3 au 4 za bure. Kuanzia Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, njia hii inatosha. Masika hewa imejaa maji, kitambaa hakikauki, na hapo ni barafu tu. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa hufyonza karibu kilojuli 500 hadi iyeyuke yote, yaani inaweza kushusha ndoo ya lita 20 pamoja na maji ya beseni ya kiasi hichohicho kwa nyuzi 3. Moja asubuhi, moja jioni, inatosha kulimeza joto la hamira. Hata barafu zilizolaziwa sangara zinafaa, mradi zibaki nje ya ndoo.

Mahali nako kuangaliwe. Sisi wa Mwanza, mji wa mawe, tuna balaa letu: nyumba iliyoegemea jabali inapokea joto la mchana usiku, jabali likiwa linapumua taratibu hadi alfajiri. Chumba cha upande huo, na chochote kilicho moja kwa moja chini ya bati, kisiwekwe ndoo. Chagua pasipobadilika sana, hata kama wastani wake uko juu kidogo, kwa sababu hamira haipendi kupandishwa na kushushwa kila siku kama daladala ya mlimani.

Na kupima, tafadhali. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinapima ukuta. Chukua kile chenye waya, bandika kichwa chake ubavuni mwa ndoo chini ya usawa wa bia, kisha ukifunike kwa kipande cha sponji la godoro na utepe wa gundi ili hewa ya chumba isikidanganye. Kama ndoo iko ndani ya beseni, kichwa hicho kiwe juu ya maji, la sivyo utasoma joto la beseni. Namba utakayoiona itapishana kidogo sana na ya katikati ya bia.

Wapo pia wanaosema wamedhibiti joto kwa sababu siku ya sita, povu limekwisha, waliibeba ndoo wakaiingiza kwenye friji ya duka la jirani. Wamefanya jambo jema. Machicha yanazama, bia inang'aa, na ikifika mezani inapendeza. Ila hiyo ni kuipoza bia. Joto la kuchachusha lilikwisha kufanya lake tangu Jumanne.