Kusoma chati mpaka chini si kuona barabara nzima

Dereva akishasoma mstari wa 6/6 (uoni wa kawaida) kwenye chati ya kupimia macho humwambii kitu: "Macho yangu mazima, nijazie fomu niende zangu." Hii ndiyo kauli inayochosha kuliko zote. Chati hupima katikati ya uoni tu, nyuzi chache. Bodaboda anayechomoka kichochoroni au bajaji inayopenya kushoto huonekana kwanza kwa pembe ya jicho, na macho mawili mazima hufunika takriban nyuzi 180 toka upande hadi upande.

Pembe hizo ndizo huliwa na ugonjwa wa presha ya macho (glakoma). "Ningekuwa nayo ningesikia maumivu." Wapi! Aina iliyozoeleka kwetu haiumi wala haileti wekundu. Inaua mshipa wa fahamu wa jicho kidogo kidogo. Pengo la jicho moja huzibwa na jingine, na ubongo hujazia panapobaki. Huoni doa jeusi: unaona barabara nzima, isipokuwa bodaboda hayumo. Unaanza kukwangua vioo vya pembeni na kulalamika kwamba kila mtu "ametokea ghafla", na 6/6 yako bado unayo.

Dai vipimo vitatu: presha yenyewe, mshipa nyuma ya jicho, na upana wa uoni, jicho moja moja. Presha peke yake haitoshi. Wapo wenye presha chini ya 21 (mmHg), kikomo cha kawaida, na mshipa unakufa. Kilichopotea hakirudi, matone hulinda kilichobaki, kwa hiyo kuyaacha chupa ikiisha eti "naona vizuri" ni kujimaliza. Anza kupima ukifika miaka 40, mapema zaidi kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo.

Miwani ya njano ya usiku inayouzwa kwenye foleni? Inapunguza mwanga wakati mwanga wenyewe haba. Taa za wenzako zikikutesa, tafuta mtoto wa jicho, miwani iliyopitwa na wakati, au kioo cha mbele kilichochubuliwa na waipa. Kifute na ndani. Utando wa mafuta hukaa huko.

Miwani ya kusomea ya +2.00 ni ya umbali wa nusu mita. Ivue kabla ya kuwasha gari.

Eti miwani hulegeza macho? Hapana. Ukiivua unarudi pale pale ulipokuwa.

Na mwenye kisukari asipimwe miwani mipya sukari ikiwa juu: lenzi ya jicho hubadilika, na namba ya leo haitamfaa sukari ikishatulia wiki chache baadaye.